Vifungo vya Koti la Hester

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya kitu kidogo kuliko yai la kuku. Kilikuwa picha ya mwanamke, iliyochorwa kwa rangi za maji juu ya bamba la pembe ya ndovu lililochongwa likawa jembamba kama kadi, kisha ikatiwa ndani ya fremu ya dhahabu yenye umbo la yai. Zamani, kabla kamera hazijaenea, watu wenye uwezo walichorwa picha za namna hiyo ili wapendwa wao wazivae kifuani au wazitie mfukoni. Siku hizi kitu chochote cha pembe hakivuki mpaka ila kwa vibali ambavyo mtu binafsi huchoka kabla hajavipata. Picha haikuweza kunijia, ikanibidi niiendee.

Aliyeniita ni Rehema, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa miaka tisa sasa anaishi Johannesburg na kuwatunza wazee majumbani mwao. Mzee aliyekuwa akimtunza wakati huo, Bi Elsabe, mwanamke wa Kikaburu mwenye umri wa miaka themanini na minne, ndiye mwenye picha. Rehema alikuwa amemwambia kwamba baba yake mdogo alifanya kazi miaka thelathini katika stoo za makumbusho akishughulika na vitu vya pembe na kuwafundisha vijana kazi hiyo, na bibi huyo akamjibu, "Basi mwite, kabla sijafa." Swali lake lilikuwa moja: je, mwanamke huyu aliyechorwa ni Hester, mama wa bibi yake, au siye?

Jumapili asubuhi nilipanda basi la Dar es Salaam, nikiwa na begi moja la nguo na mkoba wa vifaa: kioo cha kukuzia, rula ya chuma, taa ndogo, glavu za pamba na daftari. Nililala kwa rafiki yangu wa siku nyingi, na Jumatatu nikaruka.

Saa nane mchana, ndege ilipoanza kushuka, niliona majani yaliyokauka yakawa na rangi ya ngozi ya simba, na katikati yake vilima vya manjano vilivyokatwa juu kama meza. Abiria mwenzangu alinieleza kwamba hivyo si vilima bali ni mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa chini ya mji. Nilipenda kwamba mji unaonyesha wazi jinsi ulivyochimbwa. Ulikuwa mwezi wa Julai, na nje ya uwanja wa ndege baridi kavu ilinipata puani kabla sijamwona Rehema, aliyekuja na koti la ziada mkononi.

"Shikamoo, Baba mdogo. Hili ulivae sasa hivi, usinifanyie ushujaa wa Morogoro."

"Marahaba, mwanangu. Morogoro nako kuna baridi."

"Eish! Utaniambia kesho asubuhi."

Mtaa wa Berea tulifika jua likiwa bado juu ya paa. Rehema anaishi orofa ya saba ya jengo la zamani lenye roshani za mviringo na ngazi za terazo ambazo wajenzi wake walizisugua kwa fahari. Lifti imekufa zamani, na wakazi huzipanda ngazi hizo kwa mazungumzo. Hata nilipofika juu nilikuwa nimekwisha kusalimiwa kwa Kiswahili cha Bujumbura, cha Bukavu na cha Kisumu. Nyumba yenyewe Rehema amepanga pamoja na Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na pazia la kitenge ndilo ukuta kati yao. Cherehani ya Mama Furaha iko dirishani, mahali penye mwanga bora kuliko pote, na hakuna anayethubutu kukaa hapo.

Jumanne saa nne tulikwenda Randburg, kitongoji cha kaskazini mwa mji. Bi Elsabe anakaa katika nyumba ya matofali ndani ya uzio mmoja na nyumba nyingine kumi na mbili zinazofanana nayo, zenye geti moja na mlinzi mmoja. Alitupokea akiwa amesimama, ameshika fimbo, amevaa sweta lililofungwa mpaka shingoni. Rehema humwita Ouma, ndiyo bibi kwa lugha ya Kikaburu, nami nikamwita hivyo hivyo. Tulizungumza Kiingereza, yeye kwa matamshi ya kwao nami kwa ya kwetu, tukaelewana vizuri.

"Umetoka mbali kwa ajili ya kipande cha jino, Mwalimu," alisema.

"Nimewahi kwenda mbali zaidi kwa vipande vibaya zaidi, Ouma."

Alicheka, akaniwekea mezani kasha la ngozi ambalo mahameli yake ya ndani yalikuwa yameliwa na nondo. Nililifungua. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu alinitazama moja kwa moja, kwa ukali kidogo, kama mtu anayepima. Alivaa koti la kike la rangi ya majivu yenye ubuluu, limebana kiuno, na mbele yake ulishuka mstari wa vifungo vidogo. Chini ya kioo cha kukuzia nilivihesabu: kumi na tisa, kila kimoja na nukta yake ya mwanga na tundu lake. Ngozi ya uso haikupakwa rangi nzito. Mchoraji aliiacha pembe yenyewe ing'ae, akaongeza vitone vyembamba mno vya waridi na kijivu, maelfu yake, mpaka shavu likapata joto. Sikio lilikuwa limeshuka kuliko inavyopasa, na mandhari ya nyuma yalifanywa kwa haraka. Kwa hiyo huyu hakuwa bingwa aliyefunzwa katika karakana kubwa. Lakini uso ule sijauona mzuri zaidi katika stoo zote nilizofanyia kazi. Hapakuwa na sahihi, mbele wala nyuma.

Ndipo Bi Elsabe akanieleza habari za ukoo wake. Hester aliolewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wakati mji huu ulipokuwa bado wa mahema na mabati. Siku moja mumewe aliikuta picha hii ndani ya droo yake ya kushonea. Picha ya namna hii haichorwi kwa siku moja. Mtu hukaa mbele ya mchoraji mara nyingi, saa nyingi, wakitazamana. Mume hakuwa amelipia mchoraji yeyote, wala hakumjua. Ukoo ukaamua kwamba yuko mwanamume, na kwamba alificha sahihi yake kwa sababu anazijua dhambi zake. Hester alipelekwa kuishi shambani kwa kaka yake, watoto wakabaki, na jina lake likaacha kutajwa mezani. Picha moja tu ya kamera ilisalimika, ya siku ya harusi, kwa kuwa mumewe naye yumo.

"Mama yangu alisema hii ndiyo picha yenyewe," Bi Elsabe aliendelea. "Dada yake alisema ile ya Hester ilichomwa, na hii ni ya mtu baki, ilinunuliwa dukani. Walikufa wakibishana. Mwisho wa mwezi huu nahamia kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja. Yuko mnunuzi wa vitu vya kale, anakuja Ijumaa. Kama huyu si Hester, aende naye. Kama ndiye, siwezi. Walimtoa nyumbani mara moja; sitakuwa wa pili. Ningempa mjukuu wangu aliye Cape Town."

Nilifanya kazi mpaka saa tisa. Picha ya harusi iliyokuwa ukutani ilikuwa imefifia, lakini jambo moja lilikuwa wazi: Hester alikuwa na baka dogo jeusi la kuzaliwa kwenye shavu la kushoto, karibu na pembe ya mdomo. Mwanamke wa pembe naye alikuwa na baka, lakini kwenye shavu la kulia. Nilipima, nikapima tena. Umbo la uso lilikaribiana, ila nyuso nyingi hukaribiana. Mchoraji anaweza kukosea sikio; hahamishi baka kutoka shavu moja hadi jingine. Tena niliwahi kuona katika picha wanawake wa zamani waliojichora mabaka ya urembo kwa makusudi.

Nilimwambia Bi Elsabe kwa upole, lakini nilimwambia: si yeye.

Hakulia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa kauli ya daktari, akamwambia Rehema alichukue kasha tupu, amtafutie fundi wa kulitia mahameli mapya kabla ya Ijumaa, ili mwanamke yule mgeni aondoke akiwa amevikwa vizuri. Tulipotoka hakutufikisha mlangoni, na Rehema akanitangulia getini bila kunisubiri.

Alasiri hiyo, Berea, Rehema aliliweka kasha mbele ya Mama Furaha. Mama Furaha ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye futi ya kupimia shingoni kama mkufu. Alilifungua, akalitazama ndani, akalifunga.

"Kasha iko tupu. Nitapima nini, hewa?"

"Pima nafasi iliyopo, Mama Furaha," nilisema. "Umbo lake linaonekana."

"Muzee, siku mingi mahameli iliisha kulala. Nafasi inadanganyaka. Mi sikatake kitambaa juu ya maneno, minakata juu ya mutu. Mulete huyo mama wa picha hapa, ama munipeleke kwake."

"Ni picha tu," Rehema alisema, bado amekasirika, "tena Baba mdogo amesema si mtu wetu."

"Akuwe wa nani, iko na kiuno. Nitapima."

Nilijaribu kumweleza kwamba tofauti itakuwa ndogo kuliko unene wa uzi. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wanafunzi wanaokadiria kwa macho. Nilikubali, kwa sababu nilitambua kanuni yangu mwenyewe kinywani mwa mtu mwingine.

Jumatano asubuhi tulikwenda watatu. Robot zote za njia kuu, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, zilikuwa zimezimika kwa kukosa umeme, tukachelewa. Getini mlinzi, Mkongo naye, alimtania Mama Furaha kwamba futi hiyo ni silaha na hataingia nayo. Akajibiwa kwamba akiendelea kunenepa atahitaji futi mbili kushonewa sare mpya. Bi Elsabe alitupokea kwa adabu ileile, lakini sweta lake siku hiyo lilikuwa limefungwa vibaya, kifungo kimoja kikiwa kimerukwa. Mama Furaha, kabla hata ya kukaribishwa kiti, alimwendea, akamfungua na kumfunga upya, kimya, kama anavyofanyiwa mama mzazi. Bibi alikubali kufanyiwa.

Niliweka picha juu ya kitambaa cheupe, nikampa Mama Furaha kioo changu na glavu. Alipima kimo, upana na unene, akaandika kwa chaki kwenye kiganja chake. Kisha aliendelea kutazama kupitia kioo, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Rehema, kuya uone! Huyu mama alivaa koti ya bwana yake!"

"Hapana," nilisema, "koti ni la kike. Tazama kiuno chake na mishono ya kifua."

"Njo hivyo, muzee! Koti ya mwanamuke, lakini imefungwa ya kiume. Sisi banamuke upande wa kuume unalalaka juu ya kushoto. Banaume, kushoto juu ya kuume. Angalia sweta ya huyu bibi, sasa hivi nimeifunga. Angalia hii."

Nilitazama. Nilikuwa nimevihesabu vifungo vyote kumi na tisa, na sikuona vimefungwa upande gani.

"Labda mchoraji alikosea," nilisema.

"Kukosea? Mutu ahesabu vifungo byote, atie na tundu zake, akosee upande? Hapana, papa. Huyu alichora kile aliona."

 Niliinuka, nikaishusha picha ya harusi kutoka ukutani. Koti la bwana harusi lilifungwa kushoto juu ya kulia, kama ipasavyo. Kwa hiyo picha ya kamera ilikuwa sawa. Iliyogeuka ilikuwa ya pembe. Na kama koti limegeuka, basi shavu nalo limegeuka, na baka la kulia ni baka la kushoto. Nilihisi joto usoni, licha ya Julai.

"Ouma," nilisema, "jana nilikukosea. Ni Hester."

Alishika meza. "Una hakika?"

"Kwamba ni yeye, ndiyo. Nisichojua ni kwa nini amegeuka. Picha za kamera za zamani, zilizopigwa juu ya bamba la bati, ziligeuza watu hivyo. Huenda mchoraji alinakili moja."

Lakini Mama Furaha hakuwa amemaliza. Alimsimamisha Rehema, akamnyoosha koti lake, akasema, "Angalia bega. Sasa inua mukono, kama unataka kushika kitu mbele." Rehema aliinua mkono wa kulia. Mkunjo mmoja ulijitokeza kutoka kwapani, ukapanda kuelekea kwenye kola. "Shusha." Mkunjo ukapotea. "Huyu mama wa picha iko nao, upande mumoja tu. Mutu wa kukaa kupigwa picha mikono iko chini. Huyu mukono wake ulikuwa juu. Alikuwa anafanya kazi."

Mkunjo ule nilikuwa nimeuona jana na kuuandika daftarini kuwa udhaifu wa mchoraji katika nguo. Ulikuwa upande wa bega ambalo kwetu watazamaji ni la kushoto lake. Kwenye kioo cha kujitazamia, bega hilo ni la kulia. Ni bega la mkono ulioshika brashi. Hata ule ukali wa macho niliouona jana, sasa nilijua ulikuwa wa nani na ulimtazama nani.

Nilisema polepole, kwa sababu nilitaka kila neno lipimwe. "Ouma, hapakuwa na mchoraji mwingine chumbani. Palikuwa na kioo. Hester alijichora mwenyewe."

Bi Elsabe alikaa. Rangi ilimtoka usoni, Rehema akapiga magoti kando yake na kumshika mkono.

"Ouma? Nikuletee maji?"

"Unajua," alisema, lakini si kwa Rehema wala kwangu, "nyumbani kwetu mtoto akidanganya waziwazi, akiwa na jamu mdomoni na kushikilia kwamba hakula, mama yangu alisema, 'Ndiyo, na Hester naye alijichora mwenyewe.' Bibi yangu alisema hivyo. Mimi nimewaambia wanangu hivyo. Nilidhani ni msemo tu. Sikuwahi kujiuliza ulitoka wapi."

Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kumweleza. Hester aliulizwa, na alijibu. Jibu lake lilionekana la ajabu kiasi kwamba ukoo ulilihifadhi vizazi vinne kuwa mfano wa uwongo, na bintiye mwenyewe akalifundisha kwa watoto wake. Nami, niliyetoka Morogoro na rula ya chuma, jana yake nilikuwa nimemwondoa nyumbani kwa mara ya pili.

"Kwa nini hakuwaonyesha?" Rehema aliuliza. "Angechora nyingine mbele yao."

 Bi Elsabe ndiye aliyejibu. "Nani angempa pembe nyingine, mtoto wangu?"

Baadaye alimpigia simu mnunuzi, akamwambia kwa sentensi mbili asije. Kisha akampigia mjukuu wake wa Cape Town, nasi tukataka kutoka nje, lakini alitupungia mkono tubaki. Walizungumza Kikaburu, na nilielewa jina Hester tu, likirudiwa. Alipokata simu Mama Furaha alimuuliza kama bado anataka mahameli.

"Sasa ndiyo nataka," alisema. "Si nyeusi. Nyekundu."

"Nyekundu itamuzidi uso," Mama Furaha alimkatalia papo hapo, nami nikatafsiri. "Kijani. Kijani itamuinua." Bibi alimtazama, akatazama picha, akakubali.

Ijumaa asubuhi tulipeleka kasha. Mahameli ya kijani yalikuwa yamelala bila kunyanzi hata moja, na Hester aliingia ndani yake kama mguu katika kiatu chake. Nilikuwa nimekuja pia kuaga. Bi Elsabe alimwomba Rehema amletee kioo cha chumbani. Alikiegemeza kwenye chupa ya maua, akamtoa Hester kashani, akamwelekeza kwenye kioo, kisha akainamisha kichwa chake cheupe hadi macho yake yakapata pembe nzuri. Humo ndani baka lilikuwa upande wa kushoto, na koti limefungwa kama la mwanamke yeyote. Alikuwa akimwona kama walivyomwona waliokutana naye barabarani.

"Habari za asubuhi, Bibi," alimwambia. Mama Furaha, ambaye hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata lakini alifuata, aligeuka akaanza kukunja futi yake isiyohitaji kukunjwa.

Jumamosi nilirudi. Mchana ndege ilipaa juu ya vilima vile vya manjano, na usiku nilikuwa Dar es Salaam. Jumapili basi likanirudisha Morogoro kwenye mvua nyembamba ya milimani. Tangu ujana nimefundishwa, na nimefundisha, kwamba kitu cha kale huulizwa kwa mpangilio: kimeumbwa na nini, kimepimwaje, kinafanana na nini. Bado naamini hivyo. Lakini nimejifunza kwamba macho yangu yameelimishwa katika mambo fulani tu, na kwamba mtu aliyekaa miaka ishirini mbele ya cherehani huona katika picha kile ambacho vitabu vyangu havikuniambia nikitafute. Nimejifunza pia, kwa aibu ninayoiandika hapa ili isaidie wengine, kwamba kabla ya kupima ilinipasa kuwauliza watu wa nyumba ile: yeye mwenyewe alisema nini?

Kabla sijafungua begi nilikaa mezani nikaandika upya maoni yangu kwa Bi Elsabe na kwa mjukuu wake. Niliandika vipimo, rangi, hali ya bamba, hoja ya vifungo na hoja ya bega, nikataja kwamba hoja zote mbili ni za Mama Furaha, fundi wa nguo, Berea. Kisha nikaona kwamba kuna ushahidi wa zamani kuliko wetu sote, nikachukua karatasi safi na kuanza upya, nikiuweka juu kabisa, kabla ya namba yoyote na kabla ya jina langu. Mstari wa kwanza wa ripoti unasema: Hester alipoulizwa ni nani aliyemchora, alijibu kwamba amejichora mwenyewe.